Mtungi wa Jikoni na Injini ya Porini

Kila EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei zikawa zimepanda, swali moja huzuka kwenye gereji za Babati: ikiwa teksi na bajaji za Dar es Salaam zinatembea kwa gesi, mkonga wa Babati, yaani Land Cruiser ya porini, unashindwa na nini? Swali hilo lina haki yake. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipovuruga soko la dunia, petroli ilivuka Sh3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kuanzia Juni mwaka huo. Kwa mji ulio ndani ya nchi kama Babati, ambako kila lita hubebeshwa pia gharama ya safari kutoka bandarini, machungu yalizidi. Tangu hapo habari ya kufunga gesi haijatoka midomoni mwa madereva na mafundi.

Majibu yanayotolewa, hata hivyo, mara nyingi huchanganya gesi mbili zisizofanana, na ni vizuri tuanzie hapo. Gesi inayoendesha magari ya Dar es Salaam ni gesi asilia, yaani methani, ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, ikaanza kufika Dar es Salaam kwa matumizi ya kibiashara mwaka 2004. Ili itoshe kwenye gari hushindiliwa hadi kufikia shinikizo la takriban bar 200, ndiyo maana huitwa CNG, na hata kwa shinikizo hilo haigeuki kimiminika. Inataka tenki nene, kompresa kubwa, na kwa vitendo inataka bomba lipite jirani. Bomba kubwa lililokamilika mwaka 2015 linatoka Mtwara kwenda Dar es Salaam. Halikuelekea Kondoa wala Babati.

Gesi ya pili ni hii tunayopikia: propani na butani zilizochanganywa, zinazoitwa LPG. Nchini mwetu haizalishwi. Gesi ya Songo Songo ni methani karibu yote, kwa hiyo hakuna propani ya maana ya kuchuja humo. LPG yetu huja kwa meli, ikashushwa Dar es Salaam na Tanga, kisha ikasambazwa kwa malori. Sifa yake kubwa ni kwamba hugeuka kimiminika kwa shinikizo dogo tu, lisilofika hata bar 10 katika siku ya kawaida ya Babati. Kwa hiyo hukaa kwenye tenki la chuma cha kawaida, haihitaji kompresa, na tayari ipo mtaani. Mtu wa Babati anayezungumzia injini ya gesi, kama hana mpango wa kuhamia Ubungo, anazungumzia hii.

Na si wazo geni. Kampuni ya Minneapolis-Moline ya Marekani ilitoa trekta la LPG kutoka kiwandani mwaka 1941, na miaka ya 1950 John Deere na wengine wakawa na matrekta yao ya propani yakilima ngano na mahindi. Uturuki leo ina zaidi ya magari milioni 4 ya LPG. Italia ina kampuni zinazotengeneza vifaa vya kubadilisha injini tangu miaka ya 1950; Landi Renzo ilianza 1954. Foklifti zinazopanga mizigo kwenye maghala mengi duniani zimebeba mtungi wa propani mgongoni kwa miongo kadhaa. Na huko Marekani kuna kundi la watu waliopenda propani kwa sababu nyingine kabisa: wapanda miamba, wanaotembeza magari yao mahali ambapo mbuzi angesita.

Sababu yao inaeleweka vizuri Manyara kuliko mahali pengi. Lami imefika Babati kutoka pande zote kuu. Barabara ya Dodoma–Kondoa–Babati ilifunguliwa rasmi Aprili 2018. Lakini kazi za watu haziko kwenye lami. Ziko Bonde la Kiru kwenye miwa, Magugu kwenye mpunga, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bashanet na Mbulu, huko Simanjiro kwenye ng'ombe. Masika yakishika, udongo mweusi wa tambarare hushika tairi mpaka gari lionekane limevaa viatu. Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, kila mtu aliona thamani ya gari linaloweza kupita pasipopitika. Gari la porini huku ni kitendea kazi.

Sasa chukua Suzuki ndogo ya zamani, ile ya kabureta, uipandishe mlima wenye mawe, pua ikiangalia mawingu. Ndani ya kabureta kuna kibakuli cha petroli na boya dogo. Boya likishuka sindano hufunguka na kuingiza petroli, likipanda sindano hufunga. Gari likiinama, petroli huhamia upande mmoja na boya hudanganyika. Ama injini hufurika, ama hukauka. Dereva husikia ikikohoa mara mbili tatu, halafu kimya, na yuko katikati ya mteremko, breki haina tena msaada wa injini, na nyuma kuna korongo. Mafundi hupunguza tatizo kwa kucheza na kimo cha boya, lakini hawalimalizi.

Propani haina kibakuli. Hutoka kwenye tenki ikiwa kimiminika, huingia kwenye regyuleta ambayo maji ya moto ya rejeta hupita ubavuni mwake, humo hugeuka hewa na shinikizo lake kushushwa, kisha injini yenyewe huivuta kwa mfyonzo wake kupitia kichanganyio kilichokaa mahali pa kabureta. Gari lilale ubavu au lisimame wima, mchanganyiko haubadiliki. Hakuna pampu ya mafuta, hakuna uchafu wa tenki unaoziba jeti. Kwa kuwa gesi huingia kwenye silinda ikiwa hewa kavu, haioshi oili kwenye kuta za silinda kama petroli inavyofanya asubuhi injini ikiwa baridi, na fundi akichomoa kijiti cha oili baada ya wiki kadhaa huikuta bado ina rangi ya asali wakati ile ya injini ya petroli imeshaanza kuwa nyeusi.

Kuna faida nyingine ambayo kwa nchi ya miinuko ni ya kupimwa. Oktani ya propani inapita 105, wakati petroli tunayonunua iko kati ya 91 na 95 au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba injini inaweza kubana mchanganyiko zaidi bila kugonga. Babati iko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Mbulu iko juu zaidi; kwenye kimo cha Babati hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 14, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kama hicho. Land Rover ya zamani ya petroli, ile ya lita 2.25 yenye mbano wa 8 kwa 1, ikifanyiwa overholi na kupewa mbano wa 10 kwa 1 hurudisha sehemu ya nguvu zilizopotea, na propani itaustahimili mbano huo. Asiyegusa mbano wa injini asitarajie hayo. Atapoteza kidogo, asilimia 5 hadi 10, kwa sababu gesi inachukua nafasi ambayo ingekaliwa na hewa.

Yapo mambo mengine ya gereji ambayo fundi anayejua kazi hayaruki: taiming irekebishwe, kwani propani inataka cheche mapema zaidi injini ikizunguka taratibu, plagi ziwe na mwanya mdogo, nyaya za plagi ziwe nzima, la sivyo injini itapiga baruti kupitia kwenye chujio la hewa na kulipasua. Siti za vali kwenye injini za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa ikizilinda. Nchi zetu ziliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, kwa hiyo injini nyingi zilizobaki barabarani zimeshabadilishwa siti au zimeshakula za zamani. Gesi, ikiwa kavu, huongeza kasi ya ulaji huo. Haya yote fundi mzuri wa Babati anayaweza. Akipewa vifaa kamili, injini ya kabureta haimzidi siku mbili tatu.

Kwa hiyo ugumu hauko kwenye ufundi. Uko kwenye mambo mengine mawili, na la kwanza ni aina ya injini zenyewe.

Simama kandokando ya barabara kuu Babati asubuhi uangalie magari yanayoelekea porini. Mikonga ile imefungwa injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli. Massey Ferguson zinazoelekea Kiru ni dizeli. Pawatila za Magugu ni dizeli. Magari ya watalii yanayokwenda Tarangire, mengi yake dizeli. Na injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyobanwa, na 1HZ inabana zaidi ya mara 22. Propani haipendi kuwaka kwa njia hiyo. Ikiwaka yenyewe, huwaka kwa wakati isioutaka fundi na kutoboa pistoni.

Zipo njia mbili za kuilazimisha. Moja ni kuigeuza kabisa: kutoa nozeli na kuweka plagi, kupunguza mbano hadi nusu, kuweka mfumo wa cheche, kichanganyio, na kibao cha kuzuia mwendo wa hewa. Ukimaliza umetengeneza injini ya petroli ya bei ghali kutoka kwenye injini ya dizeli iliyokuwa nzuri. Nyingine ni kuchanganya: dizeli inaendelea kuingia kidogo ili iwashe, na gesi inapulizwa pamoja na hewa. Australia wapo waliofunga mifumo hiyo kwenye Land Cruiser zao za dizeli. Huko gesi hushika sehemu tu ya kazi, robo hivi, dizeli ikabaki mwenye nyumba, na gesi ikizidi kipimo joto la silinda hupanda hadi vali na pistoni zikalipa deni.

Tupige hesabu, kwa sababu porojo nyingi za gesi hufia hapa. Kilo moja ya LPG ina nishati ya takriban megajuli 46. Lita ya petroli ina 32 hivi, lita ya dizeli 36. Kwa injini ya petroli, kilo ya gesi inafanya kazi ya lita 1.4 ya petroli. Tuseme, kwa mfano tu, petroli ni Sh3,000 na mtungi wa kilo 15 ni Sh57,000. Kilo ni Sh3,800. Ukiigawa kwa 1.43, unalipa kama Sh2,660 kwa kazi ya lita moja ya petroli. Umeokoa Sh340 hivi, sawa na asilimia 11. Ikiwa vifaa vya kubadilishia na ufundi vimekugharimu Sh2 milioni, utazirudisha baada ya kazi ya karibu lita 5,900. Gari la kilomita 5 kwa lita litakuwa limetembea kilomita 29,000 na zaidi. Msomaji aweke bei za wiki hii mahali pa hizi zangu, kanuni haibadiliki. Kilo ya gesi ikizidi bei ya lita 1.4 hivi ya petroli, hasara.

Kwa dizeli hesabu ni fupi na chungu. Injini ya dizeli inageuza nishati kuwa kazi vizuri zaidi kuliko ya cheche, tuseme asilimia 30 dhidi ya 24. Ukizidisha, kilo moja ya gesi kwenye injini ya cheche inafanya kazi ileile ya lita moja ya dizeli. Basi. Anayenunua gesi kwa Sh3,800 kilo ili aache dizeli ya chini ya hapo anajiibia mwenyewe. Hiki ndicho kilichowatokea wakulima wa Marekani: matrekta yao ya propani yaliyokuwa fahari ya miaka ya 1950 yalisukumwa nje na dizeli katika muongo uliofuata, ingawa gesi kwao ilikuwa ya kuchota. Sioni sababu ya Kiru kurudia somo hilo kwa gesi iliyopanda meli.

Ugumu wa pili ndio mkubwa, nao ni mtungi.

Gesi inayouzwa Babati imo mitungini, imepangwa kwenye vizimba vya waya mbele ya maduka na vituo vya mafuta: kilo 3, kilo 6, kilo 15, na ile mirefu ya 38 ya mahoteli. Mitungi hii imetengenezwa kwa ajili ya jiko. Kimiminika hukaa chini, hewa ya gesi hukaa juu, na vali ya juu hutoa hewa hiyo taratibu. Ili hewa nyingine ipatikane, kimiminika lazima kichemke, na kikichemka hunyonya joto kutoka kwenye chuma cha mtungi na hewa ya nje. Jiko la nyumbani linadai kidogo, kwa hiyo hakuna anayeona lolote. Injini ya gari haiko hivyo. Gari linalofanya kazi ngumu porini, likitoa kilowati 25 kwenye magurudumu, hula karibu kilo 8 za gesi kwa saa. Kuchemsha kilo 8 kwa saa kunadai joto la karibu kilowati nzima lipite kwenye kuta za mtungi mmoja. Halipiti. Ndani ya dakika chache unaona mstari mweupe wa barafu ukichora kimo cha kimiminika upande wa nje, shinikizo linaanguka, injini inadhoofu na kuzima. Asubuhi ya Julai Mbulu hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa butani iliyomo kwenye mchanganyiko wetu huchemka karibu na nyuzi sifuri, wakati propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wenye butani nyingi hupoteza pumzi mapema kwenye baridi, na kilichobaki chini hakitoki.

Hapo ndipo tamaa humjia fundi: pindua mtungi, kimiminika kitoke chenyewe kwa shinikizo lote. Mafundi wa porini wa nchi nyingi wamewahi kulifikiria. Tatizo ni kwamba vali ya usalama ya mtungi uliopinduliwa sasa imezama kwenye kimiminika, mpira wa jiko haukutengenezwa kubeba shinikizo hilo, na kila lita ya kimiminika inayovuja hugeuka kuwa lita zaidi ya 200 za hewa ya kuwaka. Tenki halali la gari lina bomba linalochota kimiminika kutoka chini, vali inayozuia kujaza kupita asilimia 80 ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka juani, vali inayojifunga mpira ukikatika, na swichi inayokata gesi injini ikizima. Mtungi wa jikoni hauna hata kimoja cha hivyo.

Tuseme mtu amenunua tenki halali la lita 100 na kulifunga vizuri, juu ya chesisi, mbali na visiki na mawe. Litajazwa lita 80, ambazo ni kama kilo 42, ambazo ni kazi ya lita 60 za petroli. Halafu? Nani atalijaza? Kuhamisha gesi kutoka mtungi wa kampuni kwenda chombo kingine ni kazi inayotaka leseni na mahali palipokaguliwa, na kampuni yenye mtungi ina haki ya kuuliza gesi yake imekwenda wapi. Kinachobaki ni uani, usiku, kwa mpira na bomba la kuazima. Nairobi ilionyeshwa matokeo ya mambo ya namna hiyo usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lilipolipuka eneo la Mradi, Embakasi, kwenye sehemu ya kujazia iliyokuwa inaendeshwa bila kibali. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao.

Haki itendeke kwa gesi: petroli nayo ni ya kuogopwa. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa petroli ya lori lililopinduka. Tenki la LPG lililotengenezwa kwa viwango ni gumu kuliko tenki la petroli la bati, na likigongwa hustahimili. Hatari ya gesi ni ya tabia tofauti. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo ikivuja haipai angani. Hutambaa chini na kujikusanya mahali palipoinama. Kwenye gereji mahali palipoinama ni lile shimo ambalo fundi husimama akiwa chini ya gari, akiwa na taa ya waya mkononi. Asilimia 2 tu ya gesi kwenye hewa ya shimo hilo inatosha. Gereji itakayofunga gesi Babati iache shimo, itumie jeki na stendi, na ifanyie kazi hiyo nje.

Lipo pia jambo la ushindani ambalo sijaona likijadiliwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwisho wake, na Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukigawa mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku vijijini, Manyara ikiwamo, ili mlima Kwaraa na misitu mingine ipumzike. Kilo 15 zinazopikia familia mwezi mzima au zaidi, Land Cruiser inazimaliza kwa saa mbili za kupanda mlima. Mtungi wa ruzuku ukiishia kwenye injini, aliyelipia ni mama anayerudi kwenye mkaa. Na kimazingira faida si kubwa kama inavyotangazwa: kwa nishati ileile, LPG hutoa hewa ukaa pungufu kwa asilimia 9 tu kuliko petroli. Ikiingia jikoni badala ya mkaa, faida yake haifanani hata kidogo na hiyo. Kwa macho yangu hilo peke yake linatosha kuweka mpaka.

Wenye magari ya utalii, kwa upande wao, wanaelekea kwingine. Kenya, kampuni ya Opibus, ambayo tangu 2022 huitwa Roam, ilianza kazi kwa kung'oa injini za Land Cruiser na Land Rover za safari na kuziwekea mota za umeme. Kwa upande wetu magari ya umeme ya utalii yalianza kuonekana mbugani mwaka 2018. Inaeleweka. Gari la mbugani hutembea polepole, hurudi kambini kila jioni, kambi ina sola, na mgeni hulipia ukimya. Umeme umeipita gesi kwenye soko hilo kabla gesi haijaanza safari.

Ni nani basi anayebaki? Anabaki mkulima wa nyanya na vitunguu mwenye pampu ndogo ya petroli kando ya mfereji, na mwenye duka aliye na jenereta. Pampu ya kilowati 2 hutumia gesi isiyofika kilo moja kwa saa. Mtungi wa kilo 15 uliosimama wima kivulini unaweza kuchemsha kiasi hicho bila kuganda, regyuleta ni ndogo na ya bei nafuu, mashine haitikisiki barabarani, na iko mahali pa wazi ambapo upepo hupeperusha kilichovuja. Injini hizi ndogo ni za cheche tangu kiwandani, na viwanda kadhaa huzitoa zikiwa tayari na kichanganyio cha petroli na gesi. Hesabu ya Sh340 kwa lita, kwa mtu anayemwagilia kila siku wakati wa kiangazi, inaonekana mwisho wa msimu. Tena petroli ya kwenye madumu, inayobebwa na bodaboda hadi shambani na kuibwa kidogo kidogo njiani, haina utetezi wowote mbele ya mtungi wenye lakiri.

Anabaki pia, kwa masharti, mwenye Suzuki au Land Rover ya petroli anayefanya kazi milimani na kulala Babati. Huyo faida ya kutozimika kwenye mwinuko inamhusu kweli, na akiacha petroli yake mahali pake na kuweka swichi ya kuchagua, hatakwama gesi ikiisha Bashanet. Lakini masharti yake hayako mikononi mwake. Anahitaji kituo kimoja tu chenye pampu halali ya gesi ya magari kwenye barabara kuu, kiwango cha TBS cha matenki na ufungaji kinachojulikana na kila fundi, na fundi mwenye cheti. Bila hivyo hata bima yake itatafuta mlango wa kutokea siku ya ajali.

Kwa wenye mikonga ya dizeli jibu langu ni hapana, na fedha hizo wazitumie kukagua pampu ya dizeli na nozeli. 1HZ yenye nozeli safi inaokoa mafuta bila kumuomba mtu kibali. Kwa EWURA na TBS, ombi ni kwamba kanuni za LPG zitamke waziwazi kuhusu injini, za gari na za pampu, kabla gereji za uani hazijaamua kwa niaba yao. Na Chuo cha VETA Manyara, kilicho hapa hapa, kingeanza na kozi fupi ya pampu na jenereta. Wateja wake wapo Magugu, wanasubiri kiangazi.